Kati ya gia na gia

Mpwa wangu amepata kazi. Jana usiku kanitumia picha akiwa kwenye kiti cha dereva cha lori jipya la kampuni, kapiga tabasamu na shati limenyooshwa. Nikaikuza picha nikitafuta mkono wa gia. Haupo. Kuna kijiti kidogo pembeni ya usukani, na chini pedali mbili tu. "Mjomba, hili linajibadilishia gia lenyewe," kaandika. "Nyie mlikuwa mnajifunzia chuo gani?" Yeye kapitia NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, ana cheti na leseni ya daraja E. Nikamjibu "Chimala", nikazima simu. Usingizi ukagoma kuja.

Nilikuwa utingo wa Mzee, dereva wa lori la Scania 113. Kazi za utingo mnazijua: kufunga turubai, kulala juu ya mzigo, kuruka na gogo la kuzuia tairi kila lori linaposimama mlimani, na likiharibika kwenda porini kukata matawi ya kutandaza barabarani. Usukani ulikuwa kitu cha kufuta vumbi. Siku hiyo tulikuwa tunarudi Dar es Salaam kutoka Tunduma tukiwa tupu, na tulipokwisha kuteremka kutoka Uyole, tukaipita Igurusi na kukaribia Chimala, Mzee akaegesha. Akashuka kujisaidia. Aliporudi akafungua mlango wa kushoto, wangu.

"Hamia huko."

Pale barabara imenyooka katika bonde la Usangu, mashamba ya mpunga huku na huku. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kumkabidhi mtu asiyejua kitu lori lenye tela. Nikisema hivi sisifii. Siku hizi mtoto wa mtu akinieleza kaendeshewa mafunzo ya namna hiyo kwenye barabara kuu nitampeleka kwa mama yake mwenyewe. Lakini ndivyo tulivyofundishwa karibu wote wa rika langu.

Lile lori lilikuwa limezeeka. Vile vipete vya ndani ya giaboksi vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana vilikuwa vimekwisha, na tajiri mwenye lori hakuwa na mpango wa kuvinunua. Kwa hiyo kazi ya vipete ilibidi ifanywe na dereva, kwa mguu na kwa sikio. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaiacha fri, yaani haijashika gia yoyote. Unaachia klachi. Kama unapandisha gia, unasubiri mzunguko wa injini ushuke kidogo, unakanyaga klachi tena, unaingiza. Kama unashusha, ukiwa pale fri unapiga resi kwanza, injini ipande hadi ifikie mwendo ambao gia ya chini itaudai, ndipo klachi ya pili na kuingiza. Halafu kuna kitufe kwenye mkono wa gia: gia nzito, gia nyepesi. Ukikisukuma mapema hakifanyi chochote mpaka mkono upite fri, hapo unasikia upepo, pshh, na zile nafasi ulizozizoea zinakuwa gia nyingine kabisa.

Mzee hakunieleza hivi. Hayo maelezo nimeyapanga mimi baadaye. Yeye alichukua tambara la kufutia kioo akaifunika saa ya resi, akasema, "Hiyo inadanganya. Sikiliza." Kisha akajikunja mlangoni, kofia usoni.

Mpaka Igawa nilikuwa nimeshazoea kupandisha. Kwenye tambarare kupandisha ni subira tu. Shida ilianza baada ya Igawa, barabara inapoanza kukwea kuelekea Makambako.

Nakumbuka ule mlima mdogo wa kwanza kuliko nikumbukavyo siku ya harusi yangu, na mke wangu asisome hapa. Injini ilianza kushusha sauti. Si ghafla, inakunja kidogo, inakaza, halafu unahisi kiti chenyewe kinatetemeka tofauti. Nyuma yangu kulikuwa na basi, nililiona kwenye kioo likichungulia nafasi ya kupita. Nikatazama kulia kwangu, kisha kushoto, kofia ya Mzee haikusogea. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia.

Hapo ndipo pale. Fri. Lori halina mwenyewe. Injini inanguruma peke yake bila kushika kitu, tairi zinaviringika kwa nguvu iliyobaki ya tambarare, na kila pumzi unayovuta mlima unakula mwendo. Ile gia unayoitaka inakungojea, lakini haikungoji mahali pamoja: kadiri lori linavyopungua mwendo, na resi inayotakiwa inapungua. Ukichelewa, ile uliyoipanga kichwani si yake tena, inabidi utafute ya chini zaidi. Nikaachia klachi, nikapiga resi. Nikakanyaga, nikasukuma mkono. Gia ikalia sauti ya sufuria linalokokotwa kwenye sakafu ya saruji, hadi kwenye bega langu. Nikarudisha fri. Basi likapiga honi. Nikapiga resi tena, safari hii ndogo, nikainyamazia, na injini ilipokuwa inashuka nikasikia mahali fulani katikati ambapo ngurumo ya injini na mvumo wa giaboksi vilikuwa kitu kimoja. Sijui kulieleza vizuri zaidi. Mkono uliingia wenyewe, bila sauti, kana kwamba gia haikuwahi kutoka.

"Umechelewa," akasema Mzee chini ya kofia. "Lakini imeingia."

Makambako akachukua usukani wake. Chai, chapati, tukaendelea. Nilikuwa naringa kimoyomoyo, namtazama kila anapobadilisha gia nikijiona mtaalamu mwenzake. Basi pale Mafinga, kwenye ile miteremko ya msitu wa Sao Hill, nikamwona anatoa gia na kuiacha fri. Hakuirudisha. Lori likateremka kimya, injini ikilala chini kabisa, misonobari inapita dirishani. Mteremko wa pili hivyohivyo.

Tukapita Iringa, tukapita Ilula. Juu ya Kitonga akasimama kabisa. Akashuka, akazigonga tairi moja moja, akatazama geji ya upepo wa breki mpaka ikajaa. Kisha akachagua gia ya chini, ile ile ambayo angepandia. "Hapa gia inachaguliwa huku juu," akasema. "Ukiitoa katikati ikakataa kuingia, una breki peke yake. Na breki zikichemka huna kitu." Tukashuka taratibu, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, hakugusa mguu wa breki ila kwa vipande vifupi.

Tulipofika chini nikamuuliza. "Mzee, kule Sao Hill mbona uliachia fri?"

"Kule unauona mwisho."

Nimeendesha miaka mingi tangu hapo na bado sijui niliweke wapi jibu hilo. Fundi mmoja wa pampu aliwahi kunieleza kwamba lori la aina ile likiteremka ndani ya gia, mguu umeondolewa kwenye mafuta, pampu inakata dizeli kabisa. Likiwa fri ndipo inabidi itoe kidogo ili injini isizimike. Mzee angemcheka. Yeye alikuwa anahesabu jinsi lori linavyoserereka mbali bila injini kulishikilia, hadi nusu ya kilima kinachofuata. Wote wawili walikuwa na hesabu zao, na ya Mzee ilikuwa inapimwa kwa dumu.

Maana Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu, alinituma nyuma na mpira wa kunyonyea. Madumu mawili ya dizeli, ya lita 20. Jamaa aliyekuja kuyachukua hakusalimia, alilipa na kuondoka. Mzee akahesabu noti, akanipa zangu, akasema hizo ni za mwanafunzi aliyefaulu. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikavuka barabara kununua vitunguu.