Matone ya Fedha Kwenye Bilauri

Wakati huo nilikuwa nafundisha baiolojia Tanga mjini, na ba'mkubwa alikuwa amechimba bwawa la perege huko bonde la mto Zigi. Vifaranga wake walikuwa wanakufa mmoja mmoja, mapezi yameota utando mweupe. Alasiri moja akaja kwangu na chupa aliyouziwa na mchuuzi. Ndani mna maji ya manjano, na kibandiko kinasema ni nanofedha, yaani chembe ndogo mno za madini ya fedha, inaua vijidudu vyote. Alitaka kuimimina bwawani jioni ileile.

"Ba'mkubwa, niachie mpaka keshokutwa," nikamwomba.

"Keshokutwa samaki wote watakuwa wamekwisha, mwanangu."

Lakini akaniachia.

Kwamba madini ya fedha yanaua vijidudu sikubisha. Hata vyungu vya kuchujia maji ya kunywa hupakwa. Hofu yangu ilikuwa kwa viroboto maji, wale wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye maji yaliyorutubishwa kwa samadi. Kifaranga wa perege akiwa mchanga hao ni chakula chake. Nikaenda bwawani nikawachota kwa kipande cha khanga, nikapanga bilauri mezani maabara ya shule, zote na maji ya bwawa yaliyochujwa. Ya bomba sikuyataka, klorini ingewaua kabla ya fedha. Bilauri moja niliiacha hivyohivyo. Nyingine nikazitia dawa, kuanzia tone moja na kuendelea.

Kesho yake jioni nikamweka mmoja chini ya hadubini, kutoka bilauri isiyo na dawa. Kiroboto maji ni kama kioo, unamwona hadi ndani: moyo upo mgongoni, unapiga upesi hata huwezi kuhesabu, na utumbo umejaa kijani cha mwani. Kisha nikamtazama wa bilauri yenye dawa. Utumbo ulikuwa mstari wa kahawia iliyokoza kutoka mdomoni hadi nyuma. Mdudu huyu anachuja maji kutwa kucha na hana namna ya kuchagua. Chembe ikipita, anaimeza. Kufika saa 48 nikatikisa bilauri taratibu nikasubiri sekunde 15, kama wanavyofanya wapimaji wa sumu za maji. Kwenye bilauri safi waliogelea. Kwenye zile za dawa, hata ile ya tone moja, wengi walilala chini, wengine wakitikisa papasi za kichwani tu.

Ba'mkubwa aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Kabla ya kufuga alikuwa mvuvi, kwa hiyo swali lake lilikuwa la baharini: je, mambo yangekuwa vilevile hata huko?

Nikamweleza nilivyojua. Chembe hizo ni ndogo mno, hazizidi nanomita 100, wakati unywele una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa udogo huo zina eneo kubwa la kugusana na maji, na polepole huachia ayoni za fedha, yaani atomu za fedha zenye chaji ya umeme. Mnyama wa maji baridi anapoteza chumvi mwilini kila saa na lazima aivute tena kutoka majini. Ayoni ya fedha inaziba mlango wa kuingizia sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Baharini kloridi, sehemu nyingine ya chumvi, ni tele, inaikamata fedha na kuipunguzia makali. Bwawani kloridi ni haba. Tope na uozo wa majani husaidia kidogo, lakini sikuona sababu ya kubahatisha na chakula cha vifaranga.

"Sasa hii niimwage wapi? Mtaroni?"

"Mtaro wako unaingia Zigi, ba'mkubwa. Na madini hayaozi."

Tukaifunga chupa, nikaitia kwenye kabati la kemikali, pamoja na mrututu. Vifaranga wagonjwa tuliwatenga, tukawaogesha maji ya chumvi na kupunguza msongamano bwawani. Wengine walikufa. Waliopona ba'mkubwa aliwarudisha mwenyewe, akaniagiza nimtafute huyo mchuuzi nimweleze yote tuliyoyaona kwenye hadubini, kwa kuwa alikuwa ameshaelekea Muheza kwa wafugaji wengine.