Siku moja maishani mwangu: msaidizi wa mchora manga za wasichana, Tokyo

Saa 3 asubuhi. Nashuka stesheni ya Oizumi-gakuen, wilaya ya Nerima. Baridi kali. Huku Oizumi ndiko Moto Hagio na Keiko Takemiya, wanawake wachora manga (hadithi za Kijapani za michoro), walikoishi nyumba moja mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakiwa ndio kwanza wameingia miaka ya ishirini. Miaka ya 1950 manga nyingi za wasichana zilichorwa na wanaume. Kizazi cha kina Hagio ndicho kilichoigeuza kazi hii ikawa ya wanawake wenyewe. Nami nikilitamka jina Moto, nalisikia kwa Kiswahili, na miguu inakuwa myepesi.

Saa 4. Ofisi ni sebule ya bosi wangu. Namwita sensei, yaani mwalimu, ndivyo wachora manga wote wanavyoitwa hapa. Zimebaki siku tatu tukabidhi kurasa 40 za mwezi huu, na 11 bado hazijakamilika. Wengi siku hizi wanachora kwenye kompyuta, lakini mwalimu hajaacha nibu, ile ncha ya kalamu ya kuchovya, na wino.

Mpaka saa 8 mchana napiga kwa rula mistari ya fremu, visanduku vya kila picha, najaza weusi wa nywele, nafuta penseli.

Saa 8. Ukurasa wa 17. Msichana amesimama darajani, jua liko nyuma yake. Kivuli tunakitengeneza kwa karatasi ya nata yenye vitone vidogo vidogo: unaibandika, unaikata kufuata umbo, kisha unakwangua vitone kwa ncha ya kisu, taratibu, mpaka mwanga uonekane unatoka kwenye nywele. Nimekandamiza mno. Kisu kimetoboa karatasi, sentimita mbili nzima, karibu na shavu.

Moyo umenidunda. Mwalimu amekuja, akabandika kiraka kwa nyuma, akapaka wino mweupe juu ya mpasuko. "Kwenye uchapaji hakitaonekana," akasema, akarudi mezani kwake.

Saa 11 jioni. Mhariri anapiga simu kuhusu rasimu ya mwezi ujao. Anataka maneno yaongezwe pale msichana anapolia, msomaji aelewe sababu. Mwalimu anakataa kwa adabu zote, dakika ishirini. Pale ameacha nusu ukurasa mweupe, hauna fremu, una jicho moja tu na unywele uliopeperuka. Nakubaliana naye kabisa. Uzito wa manga hizi uko hapo: hisia ikizidi, mipaka ya fremu inafutika, na msomaji anaingia mwenyewe ndani ya ule weupe. Ukimweleza, umemfungia mlango.

Mhariri amekubali hatimaye. Tumekula wali na mchuzi wa kari bila kusema mengi.

Saa 3 usiku. Nyuso hapa huchora mwalimu peke yake. Lakini leo amenisogezea ukurasa wa 31, akaonyesha msichana aliye nyuma ya umati, mdogo kama ukucha. "Huyu ni wako. Na macho pia."

Nimechukua nibu nyembamba kuliko zote. Kope nne kila jicho, wala zisiwe nyembamba mno, kwa kuwa ukurasa hupunguzwa ukichapwa na mstari dhaifu hupotea. Nimebana pumzi hadi ya nane.

Mwalimu ameangalia kwa muda mrefu, kisha akaulaza ukurasa pamoja na mingine ukauke.