Siku moja ya Januari kwenye cherehani

Alhamisi, Januari 8, 2026. Mbeya.

Saa 10:30 alfajiri

Mvua imeanza usiku wa manane na bado inapiga bati. Januari ya Mbeya ndiyo hii: baridi, tope barabarani, mlima Loleza umejifunika ukungu. Nakaa kwenye kigoda jikoni, kwa sababu sebuleni wamelala watoto wa dada yangu waliokuja likizo, na huku naweza kuomba kwa sauti bila kumwamsha mtu. Nawasha tochi ya simu, nafungua Zaburi ya 90.

Tangu mwaka uanze, kila alfajiri nasoma zaburi hiyo moja tu. Tumezoea kuisikia msibani, pale inaposema miaka yetu ni sabini, na tukiwa na nguvu themanini. Lakini Musa, ambaye zaburi hii inaitwa sala yake, haishii makaburini. Aya ya 12 anaomba, “Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima.” Kisha anaifunga zaburi yote kwa kuomba juu ya kazi: “Na kazi ya mikono yetu uithibitishe kwetu, naam, kazi ya mikono yetu uithibitishe.” Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Aya hizo mbili nimeziandika kwenye jalada la ndani la daftari langu la oda, na sababu yake si nyepesi kuisema.

Januari ya mwaka jana nilitoka kwenye ibada ya mkesha moyo umejaa. Niliamini mwaka wa baraka umefunguka, kwa hiyo kila mteja aliyeingia nilimwona ni jibu la maombi, na jibu la maombi unalikataaje? Nikapokea vitambaa vya kila mtu. Mama mmoja alikuja mara tatu kufuata sketi ya binti yake aliyekuwa anaanza darasa la kwanza. Mara tatu nikamwambia, “Njoo kesho.” Shule zikafunguliwa, mtoto akaenda na gauni la nyumbani, akasimama mstarini katikati ya wenzake waliovaa bluu na nyeupe. Mama yake hakunitukana. Alikuja katikati ya wiki, akachukua kitambaa chake kikiwa hakijaguswa na mkasi, akasema kwa upole, “Na wewe unasali, fundi.”

Neno hilo nimekaa nalo mwaka mzima. Nilikuwa nimeomba wateja, nikapewa. Sikuwa nimeomba kujua siku tatu zina nafasi ya nguo ngapi. Yesu alisema maneno yenu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Hii “njoo kesho” yetu sisi mafundi si ndiyo wala si siyo, na watu wameizoea hata hawashangai tena. Mimi nataka iondoke kabisa kinywani mwangu.

Saa 1:00 asubuhi

Kibanda changu kiko Mwanjelwa. Binti ninayemfundisha kazi amefika kabla yangu, ameshafagia maji ya mvua na kufunua mashine. Tunasalimiana, tunaomba kwa kifupi tukiwa tumesimama, kisha tunafungua daftari kabla ya kugusa uzi.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Leo, kesho na Jumamosi ni siku tatu, Jumapili sishoni. Inayokula muda ni sketi ya marinda: kukata, kupanga marinda, kuyapiga pasi yakae, mkanda, zipu, kifungo, pindo. Tukichanganya na mashati na kaptula, sisi wawili tunatoa nguo nane kwa siku, na hapo hatujapiga soga. Nane mara tatu ni 24. Kwenye daftari zipo 21. Zimebaki nafasi tatu. Binti anaandika “3” kwa chaki kwenye ubao wa kukatia, mahali ninapoweza kupaona nikiwa nimekaa.

Zamani nilidhani hesabu ni mambo ya dunia, kitu cha kufanya baada ya amina. Sasa naona Musa aliziweka pamoja katika pumzi moja: kuhesabu siku na kupata hekima.

Saa 3:00 asubuhi

Wanaanza kuja. Wa kwanza ni mama mwenye binti wa darasa la tano. Anataka sketi ndefu na ushungi wake. “Assalamu alaykum, fundi, usiniangushe, mtoto amerefuka ghafla.” Kabla ya kujibu natazama ubao, naomba, kisha nasema Jumamosi saa 9. Tunaifuta tatu, tunaandika mbili.

Sala ninayoomba hapo ni fupi kuliko kuchomeka uzi kwenye tundu la sindano. Nimejifunza kwa Nehemia, yule wa Biblia aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Mfalme anamuuliza, una haja gani unayotaka kuniomba? Na kabla Nehemia hajafungua kinywa, imeandikwa, “Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni.” Mfalme yuko mbele yake anasubiri jibu, ile sala haikuweza kuzidi pumzi moja. Ila ukirudi sura ya kwanza utakuta alikuwa akifunga na kuomba tangu mwezi wa Kisleu, na sasa ni Nisani, miezi kama minne. Ile ya pumzi moja ilikuwa na mizizi chini. Ndiyo maana kile kigoda cha alfajiri sikiachi, hata nikiwa nimelala kwa saa nne tu. Nikikiacha, ikifika saa 3 sina cha kuchota.

Wawili wanaofuata wanataka kupunguziwa kiuno tu. Hizo naziingiza mchana, hazihesabiki.

Saa 5:00 asubuhi

Umeme umekatika. Tunahamia kwenye cherehani ya miguu, binti anawasha mkaa kwa ajili ya pasi. Kazi inaendelea, polepole.

Bibi mmoja anaingia, kanga imelowa mabegani, amemshika mkono mjukuu wa miaka kama saba. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mwanangu.” Ametoka Tukuyu kwa gari la asubuhi, analala kwa ndugu hapa mjini, kesho anarudi. Anafungua mfuko wa plastiki, anatoa suruali ya kiume, bluu iliyokolea, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Ni ya mwanawe, baba wa mtoto huyu. Amefariki mwezi wa tisa. Bibi anaomba niikate iwe kaptula ya shule.

“Kitambaa kitatosha,” ananiambia, “baba yake alikuwa mrefu.”

Nampima mtoto. Kiuno inchi 21. Amesimama wima, hapumui vizuri, anaitazama suruali mezani. Nauliza inahitajika lini. Kesho saa 2 asubuhi, kabla ya gari. Naangalia ubao, naomba ile sala ya Nehemia, nasema ndiyo. Imebaki moja. Bibi anasema, “Ndaga fijo,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara mbili, na lugha ya nyumbani inanipiga moyoni kuliko ningetegemea.

Saa 7:00 mchana

Hii ni zamu yangu. Mwanzoni mwa mwaka akina mama wa ushirika wetu tuligawana saa, kila mmoja ashike saa moja ya siku kuombea wengine, Januari nzima. Wengi walichukua usiku. Mimi nilitaka mchana, katikati ya kazi kabisa, na nilikuwa na sababu.

Sisi Wamoravian tumelelewa na habari ya Herrnhut, Ujerumani. Agosti 27, 1727, wanaume 24 na wanawake 24 walipatana kuomba kwa zamu, kila mmoja saa yake, mchana na usiku. Mnyororo huo ulidumu zaidi ya miaka 100. Nilipokuwa mdogo niliwawazia kama watu wasio na shughuli. Baadaye nikajua wengi wao walikuwa mafundi. Wawili wa kwanza waliotumwa ng'ambo kutoka pale, mwaka 1732, walikuwa Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Na kazi ya umisheni iliyoanzia kwa watu hao ndiyo iliyofika Rungwe mwaka 1891, ikawakuta bibi zetu. Kwa hiyo nikikaa kwenye cherehani saa 7 mchana, miguu inakanyaga na midomo inaomba, sijioni kama mtu anayeiba muda wa Mungu. Najiona nimekaa kwenye benchi moja na mfinyanzi yule.

Naomba kwa kufuata nguo. Ninayoshona sasa ni shati la kijana anayeanza kidato cha kwanza. Naomba juu ya mabega yake, maana anakwenda kukaa bweni mara ya kwanza. Inafuata sketi ya mtoto ambaye kiuno chake kimepungua inchi mbili tangu vipimo vya mwaka jana. Watoto wanatakiwa kuongezeka. Mama yake hakusema kitu na mimi sikuuliza mbele za watu, lakini nimemtaja kwa Mungu, na Jumapili nitapita kwao. Tepu ya kupimia inaona mambo mengi.

Halafu namwombea yule mtoto wa gauni la nyumbani. Sasa anaingia darasa la pili. Mama yake hajarudi kwangu. Nimekwenda mara moja kumwomba radhi, akasema yamekwisha, na nadhani alimaanisha. Bado ningependa siku moja kumshonea yule mtoto.

Saa 9:30 alasiri

Anakuja mwanamume mwenye mkoba, anatafuta fundi wa sketi 30 za shule moja binafsi. Kitambaa anacho ndani ya gari. Anataka zote Jumapili jioni. Anaweka mezani shilingi 200,000 za kuanzia, juu ya ubao wangu, na noti zinaifunika ile moja ya chaki.

Kodi ya kibanda inaisha mwezi huu. Mwanangu anarudi shule na ada haijatimia. Haya nimemwambia Mungu alfajiri ya leo kwa maneno haya haya, kwa hiyo sitasema moyo haukuruka. Uliruka. Na ile sauti ya mwaka jana ilikuja vile vile ilivyokuja: hili ndilo jibu lako, pokea, Mungu atakupa nguvu.

Nilinyamaza. Safari hii pumzi moja haikutosha. Nilikwenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta uzi. Sikusikia sauti. Nilichokiona ni hesabu tu: nafasi moja kwa sketi 30. Nikatoka nikamwambia kaka, kwa Jumapili siwezi. Naweza kukupa zote Jumamosi ya tarehe 24, na nikikuambia tarehe 24 ni tarehe 24. Akasema hawezi kusubiri. Nikamwelekeza kwa fundi wa upande wa pili wa barabara, ana mashine nne na vijana wanne. Akazikusanya hela zake akaenda, na tuliliona gari lake likigeuza.

Binti hakusema kitu kwa muda mrefu, wala mimi. Sikuwa na furaha ya ushindi. Niliogopa, na hofu hiyo ninayo hata sasa ninapoandika. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo: naogopa habari ya kodi. Nadhani sala hiyo nayo anaipokea.

Saa 12:00 jioni

Nguo saba zimekamilika, kwa sababu ya umeme. Moja tunadaiwa kesho. Waliokuja kuchukua wamechukua, hakuna aliyeambiwa arudi. Mama mmoja aliikagua sketi kuanzia mkanda mpaka pindo, akanitazama, akasema, “Leo kweli imekuwa leo.” Ile nafasi ya mwisho imechukuliwa na jirani yangu muuza nyanya.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamekula, wamelala. Nimeileta kaptula nyumbani, ilibaki kazi ya mkono. Pindo nimeliacha refu, inchi tatu, ili bibi aweze kulifungua mtoto akirefuka; akifuata kimo cha baba yake atalihitaji. Mfuko wa nyuma wa suruali sikuukata. Niliuhamisha kama ulivyo, na mishono yake ya zamani iliyoshonwa na fundi mwingine, sijui nani, aliyeshona kwa uangalifu mkubwa. Nauangalia kwa mwanga wa taa na kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Namtaja mtoto, namtaja bibi na safari yake ya kesho. Naongeza yule kaka mwenye sketi 30 na vijana wanne wa ng'ambo ya barabara, ambao leo watakesha.

Nakata uzi, naikunja kaptula, naiweka juu ya daftari. Kesho saa 2 kamili. Mvua imeanza tena.