Maneno ya Kiingereza yanayotuchanganya sisi hasa

Orodha nyingi za maneno ya Kiingereza yanayochanganywa zimetungwa kwa ajili ya watu waliozaliwa na lugha hiyo, ambao hukosea kwa sababu maneno mawili hutamkwa sawasawa. Anayezikariri atajua kwamba "principal" ni mkuu wa shule, au jambo lililo kuu kuliko mengine, ilhali "principle" ni kanuni, na ni vizuri alijue hilo. Hata hivyo, hataonywa juu ya makosa ambayo sisi huyachukua moja kwa moja kutoka kwenye Kiswahili.

Tuchukue "borrow" na "lend". Kitenzi chetu kuazima huenda pande zote mbili: nikisema nimeazima kalamu, kalamu imekuja kwangu, nikisema niazime kalamu, naomba wewe uitoe. Kwa hiyo anayesema "borrow me your pen" ametumia mantiki timamu kabisa, ila ni mantiki ya kuazima. Mimi hupendekeza kitenzi hicho kiwekwe kando na nafasi yake ichukuliwe na kukopa na kukopesha, kwa kuwa anayekopa ndiye wa "borrow" na anayekopesha ndiye wa "lend", hata kama kinachotolewa ni kalamu wala si fedha.

Kauli ya kutendesha, ile iliyogeuza kukopa kuwa kukopesha, hutufaa tena kwenye "lie" na "lay", jozi ambayo hata Waingereza wenyewe hujikwaa kwayo. Mtoto anayelala kitandani ni "lie". Mama anayemlaza ni "lay", na lazima pawepo anayelazwa au kinacholazwa. Hadi hapo Kiswahili kinatosha, lakini ugumu huanza tukiingia wakati uliopita, kwa sababu "lie" hugeuka kuwa "lay", neno lilelile la kulaza, na "lay" nayo hugeuka kuwa "laid". Hivyo "I lay on the bed" ni nililala kitandani, na "I laid the child on the bed" ni nilimlaza mtoto kitandani. Ipo pia "lie" ya kusema uongo, ambayo wakati uliopita wake ni "lied", kana kwamba mambo hayajachanganyika vya kutosha.

Kusikia nako kunatuponza, maana sisi husikia sauti, harufu, baridi, njaa na maumivu, ilhali "hear" ni ya sauti peke yake. Harufu ina "smell", na yale yanayosikika mwilini yana "feel".

Kuhusu "affect" na "effect", mara nyingi inatosha kukumbuka kwamba ya kwanza ni kuathiri na ya pili ni athari. Nasema mara nyingi kwa sababu "effect" huweza pia kuwa kitenzi, hasa katika maandishi rasmi: "to effect a change" ni kuleta badiliko ambalo halikuwapo, na "to affect a change" ni kuligusa badiliko ambalo tayari lipo. Mwandishi wa ripoti akikosea herufi hiyo moja, sentensi yake itabaki sahihi kisarufi, na msomaji hatakuwa na dalili yoyote ya kumwonyesha kwamba aliyeandika alikusudia jambo jingine.