Slaidi ya panya na vidonge vya mama

Kazi yangu ni kukata tishu zilizogandishwa kwenye nta, vipande vya mikroni 5, kuvipaka rangi na kuwaandalia wanafunzi slaidi. Tezi ninayoipenda kuliko zote ni adrenali, ile inayokaa juu ya figo kama kofia. Gamba lake lina matabaka matatu: glomerulosa iliyo nje, seli zake mafundo mafundo, katikati fasikulata, nguzo nguzo, nyeupe kama povu la sabuni (mafuta yake tumeyayeyusha wenyewe kwa alkoholi na zailini), kisha retikularisi inayopakana na kiini cha tezi.

Miaka mingi niliamini kila tabaka lina wenyeji wake. Kumbe ni wasafiri. Seli mpya huzaliwa pembezoni, chini ya kifuko (utando unaoifunika tezi), zikasogea ndani polepole huku zikibadilisha kazi: iliyokuwa ikitengeneza aldosteroni, homoni ya chumvi, inafika fasikulata na kuanza kutengeneza homoni nyingine, ya jamii ya kotisoli. Mwisho wa safari zinafia karibu na kiini. Mtafiti Gottschau alilidai hili mwaka 1883, wakati hakuna namna ya kuifuata seli moja. Mwaka 1938 watafiti Ingle na Higgins wakaikamua tezi ya panya mpaka ikabaki kifuko na vilivyong'ang'ania hapo, na gamba likaota upya. Ila ilibidi kungoja hadi 2013 ndipo seli za glomerulosa za panya zikawekewa alama ya kijenetiki isiyofutika, na alama ikaja kuonekana ndani, kwenye fasikulata. Panya jike hulibadilisha gamba haraka kuliko dume, tena kwa tofauti kubwa. Nilipowaambia wenzangu wa kiume maabara, wakajifanya wana kazi nyingi.

Haya yote yalikuwa mambo ya slaidi mpaka mama alipoacha prednisoloni, dawa inayoiga homoni ya fasikulata. Alikuwa ameitumia miezi kadhaa kwa baridi yabisi, akaona uso unavimba, akaikata siku moja bila kumwambia mtu. Siku ya nne hakuweza kusimama jikoni. Kizunguzungu, kichefuchefu, shinikizo la damu chini kabisa.

Daktari akamrudishia dozi, akapanga kuipunguza kidogo kidogo. Nyumbani nikamchorea mama tezi nyuma ya bahasha. Dawa ikijaa mwilini, nikamwambia, ubongo hauiagizi tena tezi kufanya kazi, basi fasikulata inasinyaa. Glomerulosa yenyewe inasalimika, maana amri zake inazipata kwingine, kwenye figo na potasiamu.

Mama akaitazama bahasha. "Kwa hiyo hawa wa nje wapo, ila wa katikati wamelala?"

"Wamelala, mama. Kuwaamsha ni miezi, si siku."

"Ungesema mapema. Mimi nilidhani madaktari wanataka ninunue vidonge tu."

Sasa kila asubuhi anakigawa kidonge kwa kisu cha vitunguu, nusu kwa chai, nusu anakifunga kwenye pindo la kanga. Kalenda nimeining'iniza juu ya jiko, tarehe za kupunguza nimezizungushia kwa kalamu nyekundu. Ijayo ni Jumanne.