Kasa anayeelea usimsukume baharini

Hii naiona sana sikukuu, wageni wa bara wakijaa huku Watamu, pwani ya Kenya. Wanamkuta kasa anaelea karibu na ufuo ama amekwama mchangani, wanamsukuma mpaka maji ya kina, video, makofi, basi ameokolewa. Jamani huyo ni mgonjwa!

Mtazame vizuri. Nyuma kumebinuka juu, anajaribu kuzama mapezi yanapiga maji tu hashuki, gamba limeota mwani na shingo imekonda. Mara nyingi ni plastiki, mfuko ukielea anaona ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini kama jeli, anaumeza, utumbo unaziba, chakula kinaoza humo ndani na gesi inajaa mpaka anakuwa puto. Hapo hawezi kushuka kula majani ya bahari wala kukwepa boti, sasa ukimrudisha majini si umemrudisha kwa njaa?

Local Ocean Conservation, shirika la kulinda bahari, wana kliniki ya kasa hapa hapa Watamu na matibabu yenyewe hayana mbwembwe, ni tangi la maji ya bahari, dawa ya kulainisha tumbo, halafu wanangoja choo. Ndio, choo, manake wanakichambua waone plastiki gani imetoka. Inaweza kuchukua miezi. Akishaweza kuzama na kutulia chini mwenyewe, anapimwa urefu wa gamba na uzito, anavalishwa kibati cha namba kwenye pezi, anaachiliwa. Siku akinaswa tena mahali, namba inasema alitoka wapi na amekua kiasi gani.

Na wanaomleta wengi ni wavuvi. Tangu 1998 mvuvi akikuta kasa kwenye wavu anapiga simu, wanamfuata, naye anapewa kitu kidogo cha asante, kasa zaidi ya 20,000 wamepita njia hiyo. Kuna wanaosema eti wavuvi wanalipwa kuvua kasa. Mimi sikubali kabisa, nyama na mafuta ya kasa kwa magendo yangemlipa mvuvi zaidi ya hiyo asante, na huyu bado ameamua kupiga simu.

Kwa hivyo ukimkuta, piga simu kwao ama KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mweke kivulini, mfunike gamba kwa kitambaa kibichi lakini pua uiache wazi, usimvute kwa mapezi, usimpe chakula, na wale watoto wanaotaka kumpanda wafukuze.