Kanuni arobaini na tatu na kiatu kimoja

Nina daftari la jalada la kijani ambalo kwa miaka miwili halikuingia hadithi hata moja. Liliingia kanuni. Kila nilipokutana na ushauri wa mwandishi yeyote, aliye hai au aliyekwisha kufa, niliunakili kwa wino mwekundu na kuupa namba. Usianze na hali ya hewa. Onyesha, usieleze. Andika unachokijua. Andika kila siku. Zilifika 43. Namba 17 ilinitaka nipange hadithi nzima kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Namba 31 ilinionya kwamba hadithi iliyopangwa huzaliwa ikiwa maiti. Nilizinakili zote mbili kwa utulivu, kama karani wa mahakama.

Halafu nikaandika hadithi, daftari likiwa wazi mkono wa kushoto. Ilimhusu fundi viatu aitwaye Musa. Ametoka kumzika kaka yake, na usiku huohuo kiatu kimoja cha marehemu kinakutwa mlangoni. Musa na mkewe Zuhura wananong'onezana sebuleni, na baba mzee amelala chumba cha pili. Kurasa kumi na moja, miezi mitatu. Nilipomaliza nilimpa dada yangu, mtu asiyeandika chochote zaidi ya orodha za sokoni, lakini anayesoma kila kitu. Alinirudishia na alama za penseli pembeni. Ukurasa wa pili: "Nani anasema hapa?" Ukurasa wa tatu: "Na hapa?" Ukurasa wa nne alichora alama ya kuuliza tu, kubwa, akasonga mbele.

Nilikasirika, maana nilikuwa nimetii. Mwaka 2001 Elmore Leonard, Mmarekani mwandishi wa riwaya za uhalifu, alichapisha kanuni zake kumi katika gazeti la New York Times. Mojawapo inasema usitumie kitenzi kingine chochote kubebea mazungumzo isipokuwa "alisema". Nikaiunganisha na nyingine niliyoiokota sijui wapi, ya kutorudiarudia majina ya wahusika, nikapata hiki:

"Umekipata wapi?" alisema.
"Kilikuwa mlangoni."
"Cha kulia au cha kushoto?" alisema.
"Unajua ni cha nani," alisema.

Kwa Kiingereza mambo hayo hayana shida. Kiwakilishi chao kinakwambia kabisa kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo mume na mke wanaweza kuzozana kurasa tatu bila kutajwa jina. "Alisema" yetu haijali. Zuhura alisema, Musa alisema, hata mzee angeamka naye angesema, na kiambishi ni kilekile. Leonard hakukosea. Alikuwa anawaandikia watu ambao lugha yao inawafanyia nusu ya kazi, na mimi nikabeba nusu iliyobaki nikidhani nimebeba mzigo mzima.

Dawa niliipata kwa kusikiliza jinsi watu wanavyozungumza. Sisi huitana katikati ya maneno. Zuhura hawezi kumaliza sentensi tatu bila "baba Amina", na Musa akitaka kumtuliza humwita "mama", akitaka kumnyamazisha humwita "wewe mwanamke". Niliporudisha hayo, robo tatu ya "alisema" ziliondoka zenyewe, na nikapata kitu ambacho sikukiombea: nikajua Musa ameanza kuogopa pale alipoacha kumwita mkewe chochote.

Ugonjwa wa pili ulikuwa vielezi. Daftari lilikuwa na kanuni nne tofauti za kuvifuta, kwa hiyo nilivifuta kama anayepalilia kwa hasira. Mzee aliyekuwa "amelala fofofo" akabaki "amelala". Hadithi nzima imesimama juu ya neno hilo! Mzee aliyelala anaweza kuamshwa na mlango. Mzee aliyelala fofofo hawezi, na ndiyo sababu hao wawili wanathubutu kusema wanayoyasema. Giza lilikuwa "totoro", nikalifanya "nene". Kiatu kilianguka "pu" sakafuni, nikakifanya kianguke kwa kishindo, kama vile kiatu kina kishindo. Maneno hayo mafupi ya mlio na ukamilifu ni sehemu ya mifupa ya Kiswahili, na kanuni iliyotungwa kupunguza vielezi vya lugha nyingine haikuwa na habari nayo.

Hata hivyo sikuitupa kanuni ile. Niliibana tu. Ninapoandika "Toka nyumbani kwangu!" alisema kwa hasira, hayo "kwa hasira" ni mkono wangu unaomshika msomaji kichwa na kumgeuza. Huzuni, mshangao, furaha, zote hizo za "kwa" nyuma ya "alisema" nazifuta mpaka leo, na mara tisa kati ya kumi sizikumbuki tena.

Sasa George Orwell, mwandishi Mwingereza. Mwaka 1946 aliandika insha kuhusu lugha na siasa, akamalizia na kanuni sita kwa mwandishi. Kwenye daftari langu zilikuwa tano. Miezi kadhaa baadaye niliisoma insha nzima, nikaona ya sita: inakwambia uvunje yoyote kati ya zilizotangulia kabla hujaandika kitu cha kishenzi. Niliiruka kwa sababu haikuonekana kama kanuni! Ilionekana kama mtu anaaga. Moja ya zile tano nilizozinakili kwa bidii inasema usitumie kauli ya kutendwa mahali ambapo kauli ya kutenda inafaa. Nami nilikuwa nimeandika, katika rasimu ya kwanza kabisa, "Musa alifiwa na kaka yake." Nikairekebisha: "Kaka yake Musa alikufa." Isome tena polepole. Musa ameondoka katika sentensi. Kilichobaki ni taarifa ya kifo, na aliyepatwa amegeuzwa mmiliki wa kaka. "Kufiwa" ni neno linalomweka mwenye maumivu mbele na kifo nyuma yake, na nililibadilisha kwa sababu Mwingereza mmoja alichoshwa na wanasiasa wanaojificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Alikuwa na haki ya kuchoka. Musa hakuwa amejificha popote.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma kila kanuni kama cheti cha daktari. Nani aliugua nini hata dawa hii ikaandikwa?

Na dawa nyingine zilikuwa zangu kweli. Shuleni nilifundishwa kupamba insha: bila methali tatu na tashbihi kadhaa, alama hazipatikani. Kwa hiyo kwa miaka mingi hadithi zangu zote zilianza jua likichomoza na ndege wakitumbuiza, mtu akaamka, akaenda mbio mithili ya mshale, na mwisho akakumbuka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtu mzima, nina mvi mbili, bado ndege wananitumbuizia. Kanuni ya Leonard ya kutoanza na hali ya hewa iliniponya ndani ya jioni moja. Nilikata aya ya kwanza ya kila hadithi niliyokuwa nayo, na katika hadithi sita kati ya saba hakuna kilichopungua. (Ya saba ilikuwa kuhusu mafuriko.)

Ugomvi wa kanuni si mgeni kwetu, ingawa sisi tuliupigania kwenye ushairi. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na majibizano yakaendelea kwa miaka. Mimi si mshairi, lakini naona wivu kwa jambo moja. Anayeanza na utungo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, anaweza kuhesabu kwa vidole. Ikifika kumi na saba anajua amekosea, bila kumuuliza mtu. "Onyesha, usieleze" utaihesabu kwa vidole vipi? Nilionyesha mpaka Musa akachukua ukurasa mzima kufungua kufuli. Mtambaji wa kale angesema "akafungua" na kuendelea na safari, na hakuna ambaye angelalamika.

Kuhusu kuandika kila siku sina mengi: kazi yangu ni ya zamu, naandika siku tatu kwa wiki, na Musa hajawahi kulalamika.

Kanuni namba 44 niliiandika mwenyewe, kwa penseli, baada ya kusoma rasimu kwa sauti na kukosa pumzi. Inasema: hesabu -ka-. Akaamka, akakaa, akakitazama kiatu, akakigeuza, akasimama, akaenda dirishani. Hiyo -ka- ni tamu, inavuta kama kamba ya kisima, na kwa sababu inavuta hutambui kwamba matendo yote yamepata uzito sawa. Kukigeuza kiatu cha marehemu kumelingana na kwenda dirishani. Sasa zikifika nne mfululizo nasimama na kujiuliza ni tendo lipi linastahili sentensi yake peke yake. Sikuikuta katika orodha yoyote niliyonakili, na sishangai, maana waliozitunga hawakuwa na -ka-.

Wiki iliyopita nilimpa dada rasimu ya tano. Fofofo imerudi, "alifiwa" imerudi, ndege hawapo. Alisoma akiwa amesimama jikoni, akanirudishia na alama moja tu ya penseli, ukurasa wa tisa: "Mbona Musa hakijaribu hicho kiatu?"

Nimepitia daftari zima, kuanzia namba moja. Nadhani atakijaribu kesho usiku, nikitoka zamu.